Dereva wa basi la shule aliyeifufua pikapu ya mtakatifu

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, miguu miwili yenye soksi za sufu inatokeza chini ya pikapu nyekundu iliyoegeshwa uani kwa akina Trujillo, kijijini La Cañadita. Buti zimepangwa vizuri kando ya tairi, kama za mtu aliyeingia msikitini.

"Bado inavuja," sauti inatoka chini ya gari.

"Nani kakuuliza kama inavuja?" anajibu mama mzee aliyesimama mlangoni mwa jiko, kikombe cha kahawa mkononi. "Mimi nimekuja kuuliza kama utakula mayai, au hilo gari ndilo limeshakuoa."

"Nitakula, mama."

"Na mumeo naye nimkaangie?"

Kicheko kinasikika huko chini. Kisha spana inaanguka, linafuata neno ambalo gazeti haliwezi kuliandika, na mama mzee anajifanya hakulisikia.

Mwenye soksi ni Bersabé Trujillo, 53, dereva wa basi la shule namba 17 katika Bonde la Española, kaskazini mwa New Mexico. Mama yake ni Eufelia, 81. Pikapu yenyewe ni Chevrolet ya mwaka 1951, mali ya marehemu baba, Celedonio Trujillo. Bersabé ameifufua kwa mikono yake mwenyewe, uani hapo hapo, kwa miaka sita.

Asubuhi hii anawinda tone la mafuta. Upande wa kushoto nyuma, kwenye kiungo cha mpira wa mafuta, tone moja linajikusanya, linaning'inia, kisha linaangukia kipande cha boksi alichokitandika. Amekaza, limerudi. Amekaza tena, limerudi.

Kesho baada ya misa, pikapu itafanyiwa mtihani mbele ya kijiji kizima. Ikifaulu, Jumamosi ijayo, Mei 15, itambeba San Isidro, mtakatifu wa wakulima, kuzunguka mashamba. Ikifeli, mtakatifu atapanda pikapu mpya nyeupe ya binamu yake Delfino, kama alivyofanya miaka yote hii ya karibuni.

"Pikapu ya Delfino ina viti vya kupasha joto makalio," anasema Bersabé akijifuta mikono kwa tambara. "San Isidro ni mkulima. Makalio yake hayajawahi kulalamika baridi."

Hapa La Cañadita mtu anaweza kukosa misa mwaka mzima akasamehewa, lakini siku ya San Isidro hakosi. Sanamu yake, ya mti na yenye umri wa miaka mia mbili, ina ng'ombe wawili na malaika anayelima; hutolewa kanisani ikaoneshwe pilipili, maharage na mahindi yaliyochipua, na maji ya mfereji yanabarikiwa. Mvua ikigoma, wazee wa zamani walikuwa wakiigeuza sanamu itazame ukuta mpaka mawingu yarudi. Wanaambiwa ni ushirikina, wanaitikia kwa kichwa, na ukuta bado uko pale pale.

Mzee Celedonio alimbeba mtakatifu kwa miaka ishirini na tisa, ukiondoa mwaka mmoja. Huo mmoja tutaufikia.

Mwaka 2007 magoti yake yalikataa kukanyaga klachi. Akaiegesha pikapu nyuma ya banda la kuku, akafunga mlango, akaingia ndani kunywa kahawa. Hakuiwasha tena. Alipofariki mwaka 2018, magurudumu yalikuwa yamezama udongoni, panya wamezaliana kwenye kiti, na kutu imekula sakafu.

"Kuku mmoja alikuwa anataga pale pale baba alipokuwa akiweka kofia yake," anakumbuka Bersabé. "Nikasimama nikamwangalia, na yeye akaniangalia. Nikasema hapana. Ama zake, ama zangu."

Hakuwa fundi. Alijua kuendesha, kubadilisha tairi na kusikiliza injini, basi. Injini ilikuwa imekamata kabisa, haizunguki. Alimimina mafuta kwenye silinda zote sita, akasubiri. Kila jioni akirudi kuegesha basi anaweka spana ndefu, anavuta. Wiki ya kwanza kimya, wiki ya pili kimya. Wiki ya tatu ilisogea upana wa ukucha, na Bersabé akakimbilia jikoni akapiga kelele hata mama yake akadhani kuna moto.

Kuchomelea vyuma alijifunza kwa kozi ya jioni na kwa kuharibu. Mlango wa kwanza aliutoboa matundu mpaka ukafaa kuchekechea unga. Wa pili ulishika. Sakafu aliikata yote, akaweka bati jipya, na mbao za nyuma akazibadilisha kwa msonobari uliokaushwa vizuri.

Mshahara wake ni dola 1,750 kwa mwezi, na shule zikifungwa kiangazi hana mshahara. Miezi hiyo huchoma pilipili mbichi kando ya barabara kuu na kuziuza kwa magunia. "Kuna watu wanasema gari langu lina rangi ya pilipili iliyokaushwa," anasema. "Si rangi tu. Ni pilipili yenyewe. Kila spea imetoka kwenye ule moshi."

Rangi aliipiga mwenyewe ndani ya banda, akiwa amemwagia sakafu maji kuzuia vumbi na kutundika shuka pande zote. Shuka zilikuwa za mama, sita, na zote ni nyekundu hadi leo.

"Nalala kwenye bendera," anasema Eufelia.

Hadi hapo hakuna aliyekuwa na neno baya. Shida ilianza Bersabé alipoamua kuishusha.

Katika bonde hili gari zuri linakaa chini na kwenda taratibu. Jumapili mchana magari hayo yanapita barabarani kwa madaha, matumbo yakikaribia kugusa lami, na watu wazima wenye wajukuu wanatoka nje kuyatazama. Bersabé alitaka hivyo. Alipunguza vyuma vya springi, akakata kipande cha chasisi ili ekseli ipate nafasi ya kucheza, akachomelea mahali pale upya kwa chuma kinene. Pikapu ikashuka inchi tano. Aliizunguka mara tatu akiwa ameshika kiuno, na anakiri kwamba alijipigia makofi.

Kisha ikaja siku ya kusafisha mfereji.

Kila Machi, kabla maji hayajafunguliwa, kila nyumba yenye zamu ya maji hutoa mtu mmoja mwenye koleo. Bersabé aliona ndiyo siku ya kuionesha kazi yake. Akapakia sufuria kubwa ya maharage ya wachimbaji, akavaa hereni, akashuka taratibu kuelekea kwenye kivuko, pale barabara ya mashamba inaporuka mfereji mkuu.

Pikapu ilipanda tuta la kivuko kwa magurudumu ya mbele, ikaegemea tumbo, ikabaki hapo. Magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani. Maharage yakamwagika.

"Walikuwa watu arobaini na wawili," anasema. "Niliwahesabu. Sikuwa na kazi nyingine."

Walikuwa wameegemea makoleo yao, kimya, mpaka Onofre Maestas, 79, msimamizi wa mfereji ambaye hapa huitwa mayordomo, alipokaribia. Mzee huyu hatembei na fimbo. Anatembea na koleo, na magoti yake ndiyo yanayojua sababu.

"Binti Celedonio," akasema, "hilo gari limetaga, au bado linaatamia?"

Kicheko kilichofuata, Bersabé anasema, walikisikia hadi mji wa pili. Wanaume kumi na wanne wakaliinua gari kwa mikono, moja, mbili, tatu, wakalirudisha lilikotoka.

Kosa lake lilikuwa la aina yake. Hakulipima tuta. Alilipita mara nne kila siku, siku za shule, kwa miaka kumi na tisa, akaamini analijua. "Lakini mimi nakaa kwenye kiti cha basi," anasema. "Ukikaa juu kule, kila tuta ni chapati."

Tena tuta si lile la enzi za baba yake. Kila mwaka tope linalochimbwa mferejini hutupwa pale kivukoni ili maji yasiikate barabara, na kila mwaka tuta huongezeka kidogo. "Nilikuwa miongoni mwa wanaotupa," anasema Bersabé. "Tuta lile nimelijenga kwa koleo langu mwenyewe."

Mzee Onofre hakuwa na roho mbaya. Alimpa njia nyepesi: arudishe springi kama zilivyokuwa za baba yake, na mtakatifu atakuwa wake. Akikataa, basi Delfino.

"Mtakatifu hapandi kitu kinachokaa juu ya tuta kama kuku," alimwambia. Kisha akaongeza maneno yaliyomchoma: "Kosa lile lile, nyumba ile ile. Ndugu wa nyoka naye ni nyoka."

Kila aliyekuwepo alijua anamsema nani.

Mwaka 1994, mdogo wake Bersabé, Fermín, alikuwa na miaka kumi na tisa na mapenzi ya magari ya chini. Mkesha wa sikukuu alichukua mtungi wa gesi, akazipasha moto springi za baba yake mpaka zikalegea na gari likalala. Alitaka kumshangaza mzee. Alitaka San Isidro apite kwa madaha.

Asubuhi gari halikuweza kutoka uani. Mtakatifu akabebwa mabegani, maili nne, na mvua iliyoombwa mwezi mzima ikachagua kunyesha saa ile ile. Celedonio, amelowa, akasema mbele ya watu wote: "Mimi sina mtoto wa kiume."

Fermín aliondoka wiki hiyo, akaenda Albuquerque, akawa fundi wa kunyoosha bodi. Mzee akanunua springi nyingine. Ni mwendo wa saa moja na nusu tu kwa gari, lakini hakuna aliyeuendesha. Kwenye mazishi ya baba yake Fermín alikuja, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa.

"Kwetu sisi, anayeondoka bila kula hajaja," anasema Eufelia, na sauti yake haina utani.

Kwa hiyo Bersabé alipoambiwa arudishe springi, hata mama yake alimsihi akubali. "Baba yako angefurahi," alimwambia.

Bersabé akaingia ndani, akarudi na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani mbele ya mama yake. Aliikuta miaka sita nyuma, alipokuwa akitoa viota vya panya kwenye kijisanduku cha mbele cha gari. Panya walikula karatasi zote za bima, hii wakaiacha. Ni mchoro wa penseli wa pikapu ile ile, tumbo karibu na ardhi, imepakwa rangi nyekundu ya penseli. Pembeni kuna jina la Fermín na mwaka, 1993.

"Baba aliendesha gari hili miaka kumi na tatu baada ya Fermín kuondoka," akasema Bersabé. "Kijisanduku hicho alikifungua kila siku kutoa miwani. Miaka kumi na tatu, mama. Na hakuitupa."

Eufelia aliishika karatasi muda mrefu. Ndipo akaelewa kwa nini gari ni jekundu, na kwa nini binti yake haoni haya kuchekwa na watu arobaini na wawili. Springi za baba zingembeba mtakatifu, ndiyo. Lakini zingesema tena kwamba Fermín alikosea kuzaliwa katika nyumba hiyo.

"Sitengenezi gari la makumbusho," Bersabé alimwambia mzee Onofre kesho yake. "Litakaa chini, na litapita kwenye tuta. Nipe mpaka Jumapili ya kabla ya sikukuu."

"Litapitaje? Litaruka?"

"Hilo niachie mimi."

Hakuwa na jibu lolote. Anakiri sasa kwamba alisema tu. Mzee Onofre akaweka masharti: apite tutani mara tatu, akiwa na uzito wa mtakatifu na wabebaji wake, na kila mara asimame juu kabisa, mpini wa koleo upitishwe chini ya tumbo bila kukwama.

Jioni hiyo alipiga simu Albuquerque. Mazungumzo yenyewe, kama anavyoyasimulia, yalikuwa mafupi.

"Fermín. Nimekwama."

"Wapi?"

"Kwenye tuta la mfereji. Na gari la baba."

"Umelishusha inchi ngapi?"

"Tano."

"Mimi nilishusha nne," akasema Fermín. Kisha akacheka, na Bersabé, ambaye hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu 1994, akakaa chini kwenye ngazi za jikoni.

Fermín alikuja Jumamosi iliyofuata na vyuma nyuma ya gari lake: pampu mbili kutoka kwenye malori ya kupakulia mizigo, betri nne, mipira ya mafuta, na jeki nne fupi, moja ya kila gurudumu. Ukibonyeza swichi, mafuta yanasukumwa na gari linainuka. Ukiyaachia, linashuka. Tuta litakutana na gari refu, barabara itakutana na gari fupi.

Hakuingia ndani. Alisimama uani na kofia mkononi, mwanamume wa miaka hamsini mwenye mvi. Eufelia akatoka na sahani ya maharage na pilipili nyekundu, mikate ya ngano imefunikwa kwa kitambaa, akaiweka juu ya boneti ya gari la mwanawe.

"Kula," akamwambia.

Akala. "Mikate saba," anasema Eufelia. "Niliihesabu, sikuwa na kazi nyingine."

Tangu siku hiyo Fermín amekuja kila Jumamosi. Betri wamezifungia ndani ya sanduku la mbao nyuma ya pikapu, na sanduku hilo ndilo litakuwa jukwaa la mtakatifu. Eufelia amelitandika kitambaa alichokidarizi, akapiga ishara ya msalaba. "Masikini San Isidro," anasema, "miaka mia mbili ya kulima, leo anakalishwa juu ya umeme."

Asubuhi hii Fermín anafika saa mbili, analala chini kando ya dada yake, analitazama lile tone.

"Dada, hujakosea kukaza. Kiungo kina ufa."

"Kingine?"

"Duka linafunguliwa Jumatatu."

"Mtihani ni kesho."

"Najua mtihani ni kesho. Kwani nimesema ni Jumanne?"

Wanatazamana, na kwa sekunde chache wote wawili wana uso wa baba yao. Bersabé anavaa buti zake. "Basi tutapita na ufa," anasema. "Lisivuje zaidi ya hapo tu."

Jumapili saa sita mchana kivuko kimejaa watu kuliko kanisa. Nyuma ya pikapu kuna magunia ya chakula cha kuku, uzito wa sanamu na watu wawili. Bersabé anashika usukani. Fermín yuko kando yake, kisanduku cha swichi mapajani. Delfino ameegesha pikapu yake nyeupe karibu, imeoshwa inang'aa, kwa sababu huwezi kujua.

Wanafika chini ya tuta. Pampu zinanguruma, pikapu inanyanyuka upande mmoja, kisha upande wa pili. Watoto wanapiga mayowe. Inapanda, inasimama juu. Mzee Onofre anainama kwa taabu, anapitisha mpini, unapita kweupe. Mara ya pili hivyo hivyo.

Mara ya tatu, ikiwa juu kabisa, upande wa kushoto nyuma unaanza kuzama. Haudondoki. Unazama polepole, kama mtu mzima anayeketi. Fermín anabonyeza swichi, pampu inalia, na chini yao mafuta yanachirizika juu ya udongo mkavu.

"Mzee, wahi!" Bersabé anapaza sauti dirishani.

"Usinikimbize, binti. Magoti ni yangu."

Mpini unaingia. Unakwaruza. Unatokea upande wa pili ukiwa na mstari mweusi wa grisi.

"Umegusa!" anapiga kelele Delfino. "Mzee, umegusa huo!"

Onofre anautazama mpini. Anaupangusa kwa kiganja. "Delfino," anasema, "koleo hili ni lako au langu?"

"Lako, mzee."

"Basi. Nilisema usikwame, na haukukwama." Anamgeukia Bersabé. "Mpini umepita. Sijasema umepita vizuri."

Siku sita zilitosha. Kiungo kipya kilifungwa Jumanne saa kumi jioni, Bersabé akiwa bado amevaa fulana ya kazi yenye namba ya basi. Ijumaa aliilaza pikapu chini, akaiinua, akailaza, mara hamsini, na kipande cha boksi kikabaki kikavu.

Mei 15 asubuhi San Isidro alitoka kanisani na kukalishwa juu ya sanduku la betri. Delfino, na hili lisemwe kwa heshima yake, ndiye aliyelishika jukwaa upande wa kulia njia nzima. Pikapu ilivuka tuta ikiwa imesimama juu kama farasi, bila kukwaruza hata jani. Watu walipiga makofi, na Bersabé alidhani hapo ndipo kazi ilipoishia.

Kumbe haikuwa imeisha.

Mbele ya nyumba ya akina Trujillo huketi vikongwe wa kijiji, wale wasioweza tena kutembea na maandamano. Kila mwaka mtakatifu akipita hapo alikuwa juu mno kwao. Walifunga leso zao kwenye fimbo, wakazinyoosha ziguse vazi lake, kisha wakazishusha na kuzibusu. Ndivyo ilivyokuwa enzi za Celedonio, na ndivyo ilivyokuwa kwa Delfino.

Mwaka huu fimbo zilikuwa tayari. Bersabé akasimamisha gari, bado likiwa limeinuliwa, akamtazama mdogo wake. Hawakuwa wamepanga. Fermín akaachia swichi zote nne.

Pikapu ikashusha pumzi. Ikashuka, taratibu, kwa madaha, na San Isidro akashuka nayo, na ng'ombe wake na malaika wake, mpaka miguu yake ikafika usawa wa mikono ya wanawake waliokaa kwenye viti.

Eufelia ndiye aliyeanza. Aliweka leso pembeni, akanyoosha mkono mtupu, akaushika mguu wa mtakatifu alioutazama kwa miaka themanini bila kuugusa. Akaushikilia. Kisha jirani yake, kisha mwingine.

"Sikulia kwenye mazishi ya baba," anasema Bersabé. "Nililia pale, mguu ukiwa kwenye breki, mbele ya watu, na sijali."

Wa mwisho alikuwa mzee Onofre. Alikuja ameegemea koleo, akajaribu kuinama juu ya ubavu wa gari, magoti yakakataa, akajaribu kunyoosha mkono, vidole vikabaki umbali wa shibiri moja. Akageuza uso kuelekea kwenye dirisha la dereva.

"Binti Celedonio," akasema. "Shusha kidogo tena. Sijafika."

Fermín alipandisha magurudumu ya upande wa pili, gari likamwinamia mzee, akafika.

Mlango wa nyuma wa pikapu bado una rangi ya kijivu ya msingi. Bersabé ameuacha hivyo makusudi. Fermín ameahidi kuja Septemba, msimu wa pilipili, akae wiki nzima, auchore mwenyewe. Mchoro upo tayari, kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Naye Bersabé ana mpango wa kumfundisha Delfino kazi ya swichi, maana Fermín, anasema, anapaswa mwaka mmoja atembee nyuma ya mtakatifu kama watu wengine, aonekane.

Jioni ya sikukuu, watu wakila uani, mzee Onofre alimfuata akiwa na wazo. Machi ijayo, alisema, anaweza kuamuru tuta la kivuko lichongwe kidogo, ili gari lisipate taabu.

Bersabé alimpakulia sahani nyingine kwanza. "Usilichonge, mzee," akamwambia. "Tope la mfereji litupeni pale pale, kama kawaida. Likiinuka, na sisi tutainuka."